Punje mfukoni mwa baba

Shikamoo Shangazi,

Nimekaa jikoni, saa sita usiku imeshapita, na Pamba yuko mlangoni analia kile kilio chake kirefu cha njaa. Nimejikaza nisiinuke. Chumba cha pili najua baba yuko macho, anamsikiliza kama ninavyomsikiliza mimi.

Pamba ni paka dume, alihasiwa akiwa mdogo, sasa ana miaka 10. Alikuwa paka wa mama. Mama alipofariki, baba alihamia kwangu na vitu viwili tu: sanduku la nguo na kikapu chenye Pamba ndani. Tangu enzi za mama bakuli lake la chakula kikavu halikuwahi kuwa tupu, na sisi tulikuwa tunacheka anavyonenepa. Hata mimi nilicheka.

Mwaka huu nikaanza kuona maji yanakwisha kabla ya jioni. Mchanga wa choo chake ukawa na mabonge makubwa kama ngumi. Anakula, analamba sahani, dakika kumi baadaye yuko miguuni mwangu tena. Siku nilipomwona anatembea kwa kukanyagia visigino, kama sungura, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Kisukari. Uzito kilo 7.2. Daktari akasema mwili wake ungependa kilo 5.5 hivi.

Tulianza insulini, uniti 1 asubuhi na uniti 1 jioni. Nikaacha kumpa chakula kikavu siku hiyohiyo, nikamwekea cha kopo. Aligoma karibu siku mbili nzima. Nilidhani nitamuua, lakini nikasema akishikwa na njaa atakula, na kweli akala. Wiki ya tano alikuwa kilo 6.4. Nilirudi nyumbani nikiimba. Tatizo ni kwamba sukari haikushuka, ilikuwa milimoli 22 kwa lita, kwa hiyo daktari akapandisha dozi ikawa uniti 2.

Wiki ya saba baba alisafiri msibani kwa siku nne. Siku ya tatu ya safari yake, asubuhi, nilimkuta Pamba ameanguka kando ya sahani yake, anatetemeka, macho yamemtoka, miguu haina nguvu. Nilimpaka asali kwenye fizi huku nalia, nikakimbia naye kliniki. Sukari ilikuwa 2.1. Walimwokoa. Dozi ikarudishwa uniti 1. Baba akarudi, na wiki iliyofuata sukari ikapanda tena, 20.

Sasa ndiyo hili lililonifanya niandike. Juzi nilichukua koti la baba nilifue. Mfukoni nikakuta punje za chakula kikavu, nyingi, nyingine zimesagika mpaka kwenye mshono. Ni kile cha kupunguza uzito nilichokinunua zamani kabla ya ugonjwa, ambacho nilidhani kimekwisha. Kumbe amekuwa akimpa usiku, kwa siri, muda wote huu. Nilirudisha koti msumarini bila kulifua. Sijamwambia neno. Mara moja tu, zamani, aliniambia, "Mgonjwa hanyimwi chakula," nami nikadhani tumemaliza.

Nina hasira, Shangazi. Najinyima usingizi, najifunza kuchoma sindano, kumbe kuna mtu ananibomolea nyumba usiku. Lakini nikimtazama baba anavyomkunja Pamba mapajani, naona ndicho kitu cha mwisho cha mama alichobaki nacho.

Nimwambie asimguse tena? Na hizi sindano, baada ya yale niliyoyaona asubuhi ile, naziogopa. Nimesikia paka wengine wamepona kwa chakula tu. Niache insulini nishikilie chakula na kupunguza uzito? Au nimwache tu ale anachotaka kwa miaka iliyobaki, baba afurahi, nami nilale?

Binti wa baba


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu, nikazipanga wiki zako kwenye karatasi moja baada ya nyingine, na nitakuomba nawe ufanye hivyohivyo kabla hujaenda kugonga mlango wa baba.

Nikuambie nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Una paka aliyekuwa mnene, ambaye sukari yake haitulii. Umefanya kila ulichoambiwa, na mara moja nusura akufie mikononi. Umegundua baba yako anamlisha kwa siri. Kwa hiyo unaona njia tatu: kumfukuza baba kwenye sahani ya Pamba, kuacha sindano, au kuacha yote. Na chini ya hayo yote kuna mama yenu, ambaye hakuna kati yenu anayemtaja.

Mimi si daktari wa mifugo. Nimeuguza paka wa kisukari miaka minne, kwa hiyo hofu ya asubuhi ile naijua. Nitakayoyasema yapeleke kwa daktari wako ayapime.

Sasa turudi kwenye karatasi. Wiki ya tano sukari iko juu, dozi inapanda. Daktari alipandisha kwa kuamini kwamba Pamba anakula cha kopo peke yake. Hakujua kuhusu punje. Wiki ya saba baba anasafiri, punje zinasafiri naye, na dozi inabaki ileile uniti 2. Siku ya tatu Pamba anaanguka. Baba anarudi, sukari inapanda. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu sukari ya paka huanguka kwa mengi. Lakini je, umewahi kuitazama safari ile na kuanguka kule kama jambo moja? Wewe umeilaumu insulini. Mimi naona dozi iliyopimwa kwa chakula ambacho siku hiyo hakikuliwa.

Hapa ndipo ningependa utulie, mwanangu, maana ndipo penye hatari iliyo karibu zaidi. Ukimkaripia baba usiku wa leo, na yeye kwa aibu akaacha kabisa, kesho Pamba atakuwa kwenye hali ileile ya wiki ya saba. Ni kweli dozi sasa ni ndogo, lakini bado imepangwa huku punje zikiingia. Daktari apate habari za koti kabla baba hajaacha. Mpigie simu, mwambie wazi, muulize dozi iwe ngapi siku punje zitakapokoma na sukari ipimwe lini. Unaweza kuona haya kumtaja baba. Sema tu, "Nyumbani kulikuwa na chakula kingine ambacho sikukijua."

Kwa nini punje chache zina nguvu hivyo? Paka ni mla nyama halisi. Mwili wake umeumbwa kuishi kwa protini na mafuta, na wanga mwingi unamlemea, hasa mwenye kisukari. Chakula kikavu cha punje kwa kawaida hutengenezwa na wanga, maana ndio unaoshikanisha punje isivunjike. Na hiki cha kupunguza uzito mara nyingi kimepunguzwa mafuta tu, nafasi yake ikajazwa nyuzinyuzi na wanga. Paka mnene mzima anaweza kufaidika nacho, huyu wa kisukari asifaidike. Baba yako ameona mfuko umeandikwa "kupunguza uzito". Huenda kila usiku, akitia mkono mfukoni, aliamini anamsaidia.

Halafu kuna zile kilo. Uliimba wiki ya tano, na sitaki kukuondolea wimbo wako, lakini tuhesabu pamoja. Kutoka 7.2 hadi 6.4 ni gramu 800 kwa wiki tano, yaani gramu 160 kila wiki. Madaktari hupenda paka apungue kati ya nusu asilimia na asilimia 2 ya uzito wake kwa wiki. Kwa Pamba hiyo ni kama gramu 36 hadi 144. Alikuwa amevuka. Na alivuka huku anakula cha kwako na cha baba. Gramu 30 tu za chakula kikavu zina kalori kama 100, wakati paka wa umbo lake anayepunguzwa uzito hupewa kalori 200 hivi kwa siku nzima. Paka aliyekula vyote hivyo alipaswa kunenepa. Kalori zilikwenda wapi?

Zilikwenda kwenye mchanga wa choo. Sukari ya damu ikipita kama 15, figo zinashindwa kuizuia, inamwagika kwenye mkojo, na maji yanaifuata. Yale mabonge kama ngumi ndiyo chakula chake. Seli zake zina njaa huku damu imejaa sukari, ndiyo maana analia mlangoni dakika kumi baada ya kulamba sahani. Unapojikaza usiinuke ukidhani ni ulafi wa zamani, mkumbuke hivyo. Njaa yake ni ya kweli, ila dawa yake ni kutulia kwa sukari. Sukari ikikaa sawa, kile kilio hupungua chenyewe, na wala hutahitaji kujikaza.

Kwa hiyo mizani peke yake inaweza kukudanganya. Fanya hivi akiwa amelala: pitisha vidole taratibu juu ya uti wa mgongo wake, kutoka mabegani hadi kiunoni, kisha kwenye mapaja ya nyuma, halafu chini ya tumbo. Kama uti unachomoza kama shanga na huku tumbo bado linaning'inia mafuta, basi amekuwa akipoteza misuli. Tunachotaka ni kinyume chake, mbavu zishikike chini ya tabaka jembamba na mgongo uendelee kuwa na nyama. Nilimwonyesha daktari wangu jambo hili kwa vidole, kwa maneno sikuweza, na wewe fanya hivyo.

Sasa sindano. Hamu yako ya kuziacha haitokani na ujinga. Ni kweli kuna paka wa kisukari wanaofika mahali wasihitaji tena insulini, na wengi wao ni wale walioanza tiba mapema, wakala chakula chenye wanga kidogo sana, wakapungua mafuta taratibu. Pamba bado yuko kwenye miezi hiyo ya mwanzo, mlango haujafungwa. Ila wengi hufika huko kwa kupitia sindano. Insulini hulipumzisha kongosho lililochoka, chakula sahihi kinapunguza mzigo, sukari inaanza kushuka yenyewe, na daktari anapunguza dozi hatua kwa hatua mpaka hakuna cha kupunguza. Ukiacha leo akiwa 20, unaweza kuishia pabaya: mwili unaanza kuchoma mafuta kwa fujo, sumu zinajaa kwenye damu, paka anatapika, anakataa kula, na hapo ni hospitali. Na hata wanaofika huko kwenye nafuu, ugonjwa unaweza kuwarudia, kwa hiyo mtu hukaa akitazama bakuli la maji.

Hofu yako lakini ina haki ya kupata jibu. Kilichoniponya mimi hofu kilikuwa kupima sukari nyumbani. Unalipasha moto sikio kwa kitambaa, unachoma ukingoni kabisa, penye mshipa mwembamba, unapata tone dogo kama kichwa cha pini. Mara za kwanza mikono ilinitetemeka kuliko paka. Kipimo cha binadamu hakisomi damu ya paka sawasawa na kile cha wanyama, kwa hiyo mwambie daktari unatumia kipi. Faida yake ni kwamba unajua kabla ya kuchoma. Na faida nyingine: hofu ya kliniki peke yake hupandisha sukari ya paka, kwa hiyo zile 22 na 20 zinaweza kuwa na woga ndani yake. Kuna kipimo kingine cha damu, cha fruktosamini, kinachoonyesha wastani wa wiki mbili tatu zilizopita. Uliza kama amewahi kupimwa.

Muulize daktari pia mapema, ukiwa mtulivu, kabla haijatokea: Pamba akikataa kula, nimpe dozi gani? Usisubiri asubuhi ya namna ile ndipo utafute jibu. Asali uliyompaka ilikuwa akili nzuri sana, mwanangu. Akiwa anatetemeka au amezimia, ni kupaka kwenye fizi tu, bila kumimina mdomoni asije akapaliwa. Sindano inayofuata inasubiri, na unakwenda kwa daktari hata kama ameamka. Na hakikisha bomba la sindano linalingana na chupa. Kuna la insulini ya uniti 40 kwa mililita na la uniti 100 kwa mililita, na kulichanganya ni kumpa dozi nyingine kabisa.

Ile siku mbili aliyogoma kula sikuipenda. Ninayasema bila kukulaumu, hukuambiwa. Paka mnene asipokula siku mbili tatu, mafuta hukimbilia kwenye ini na kulisonga, na huo ni ugonjwa unaoua. Paka hashindwi kwa njaa kama mtoto mkaidi. Siku ukibadilisha chakula tena, changanya kidogo kidogo kwa wiki moja au zaidi, kipashe kidogo harufu ipande, na kila badiliko la wanga liende sambamba na dozi.

Nimekuja kwa baba mwishoni kwa sababu ndiye anayeniuma.

Unasema anakubomolea nyumba. Huenda. Lakini nimejiuliza, kabla ya ugonjwa, nani alikuwa akijaza bakuli? Mama. Mama alipokufa, nani? Baba. Ulipolitoa bakuli lile siku moja bila kipindi cha mpito, Pamba alipoteza chakula alichokijua, na baba alipoteza kazi ya mwisho aliyoirithi kwa mkewe. "Mgonjwa hanyimwi chakula." Nasikia hapo mtu aliyewahi kukaa kando ya kitanda akiwa na kijiko. Wewe unajua zaidi yangu miezi ya mwisho ya mama ilikuwaje.

Unaweza kumwambia asimguse tena. Ni haki ya anayemuuguza, na kwa Pamba inaweza kuleta utulivu wa haraka. Hatari yake ni kwamba siri huwa inazidi kuwa siri. Mkono utahama mfuko, nawe utakuwa unapima dozi gizani tena. Unaweza kumpa sehemu. Chakula cha siku kipimwe kwa mizani ya jikoni asubuhi, kwa kadiri ya uzito tunaoutaka badala ya alionao sasa, kigawanywe, na fungu la usiku liwe la baba. Paka wengi wa kisukari hawasumbuki kula mara kadhaa ndogo, mradi jumla haibadiliki. Kama anapenda kumpa kwa mkono, basi iwe vipande vidogo vya kuku aliyechemshwa bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu maana hivyo ni sumu kwa paka, na vitolewe ndani ya hesabu. Vipande tu, maana kuku peke yake si mlo kamili. Nayo hii ina hatari yake: baba anaweza kusahau, au kuongeza kwa huruma. Labda daftari moja ukutani, kila aliyempa anaandika, wewe na yeye. Ukiandika wewe kwanza, naye hataona ni la kumkagua.

Au nenda naye kliniki. Baba wengine hawamsikii mtoto, wanamsikia daktari.

Kuhusu kumwacha ale anachotaka, sitakuambia ni vibaya kuchoka. Umechoka. Ila kile visigino vyake vilichokuonyesha, kule kutembea kama sungura, ni mishipa ya fahamu inayolalamika kwa sukari. Mara nyingi hali hiyo hupungua sukari ikitulia, na huongezeka ikiachwa. Miaka hiyo unayomwazia ya kula kwa raha inaweza isiwe ya raha. Kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja. Jumapili moja ndugu mwingine afundishwe sindano, ulale. Na kasi ya kupungua unaweza kuilegeza. Kilo 5.5 haiendi popote. Kwa gramu 50 au 60 kwa wiki atafika baada ya miezi mitatu minne, au akichelewa, atachelewa akiwa na misuli yake. Mpime kila wiki kwenye mizani ya watoto wachanga kama utaipata. Ile ya kusimama naye ukatoa uzito wako huficha gramu 100 bila wewe kujua.

Siku utakapozungumza na baba, sijui utaanzaje. Pengine na koti, pengine na mama. Mimi ningeanza na zile siku nne za msiba, nimsimulie jinsi nilivyomkuta Pamba, maana nadhani hajui vizuri. Umemficha makali ya asubuhi ile, kama yeye alivyokuficha mfuko.

Na ule mfuko wa zamani wa chakula kikavu, usiutupe bado. Uende nao kwa daktari. Wanga mara nyingi hawauandiki, lakini ukijumlisha asilimia za protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu (yaani madini) na maji, ukatoa kwenye 100, kinachobaki ndicho wanga. Mathalani 32 na 10 na 6 na 7 na 8 ni 63, kumebaki 37. Ifanye hesabu hiyo mezani, baba akiwepo, yeye akusomee tarakimu wewe uandike.